Shimo Kwenye Kochi la Marehemu

Wajukuu zangu, mliniacha nimepiga magoti katikati ya sebule ya watu, nyundo mkononi, na mama mwenye nyumba amesimama mlangoni na begi lake la safari, ameuliza swali lililonikausha mate:

"Baba yenu mmempeleka wapi?"

Jibu linakuja. Lakini yupo aliyeazima gazeti la jirani leo na hajui tulikotoka, naye tumhurumie.

Mimi ni fundi makochi. Chumba changu cha kazi kilirudi kwa mwenyewe, nikabaki na mfuko wa zana na miguu yangu. Ndipo mjukuu wangu, anayejiita Meneja kwa sababu simu ni yake, akanitangaza: "Bibi Misumari. Anakufuata nyumbani. Kazi ya wazi, mteja anashirikishwa kila hatua."

Misumari, kwa sababu nikifanya kazi naiweka mdomoni, natema mmoja mmoja. Wateja wanalipenda hilo. Fundi gani mwingine hawezi kubishana nao?

Na kazi ya wazi ni kweli. Kochi silifungui mpaka mteja awepo. Kinachotoka tumboni mwake tunakiona sote: vifungo, vichana, pengine jino la mtoto. Sponji anaiminya mwenyewe. Kisha anakaa, nami nasikiliza. Nguo unakiuliza kioo, kochi unayauliza makalio, na makalio hayajui kusema uongo kwa heshima.

Basi Nesi, binti wa nyumba ile, ndiye aliyenipigia simu. Nilimshirikisha mpaka akaanza kunikimbia. Kitambaa alichagua yeye. Sponji aliminya yeye. Na kwenye kochi la mtu mmoja, lile la karibu na dirisha, alisema, "Bibi, hili shimo lifukie. Mgeni akikaa hapa tunamtafuta kwa tochi."

Tukacheka. Nikalifukia. Sponji ya zamani tukaitupa uani.

Mama alikuwa kwa dada yake. Hakuna aliyenidokeza kwamba shimo lile lilikuwa na mwenyewe.

Sasa tuendelee.

Nesi alijaribu kucheka. "Mama, karibu. Tulitaka kukushangaza."

"Nimeshangaa," mama akasema. "Haya, mrudisheni."

Akaliendea lile kochi, akaligusa kwa vidole viwili kama anayepima homa. Kochi lilikuwa limetuna, linang'aa. Asubuhi ile nililionea fahari. Sasa lilinitazama kama mtoto aliyenenepa kwa chakula cha wizi.

"Hapa palikuwa na shimo."

"Palikuwa, mama," nikasema. Misumari nilishaitema.

"La nani?"

Nikamtazama Nesi. Nesi akatazama kucha zake.

"La mume wangu," mama akasema. "Alikaa hapa mpaka akapachimba. Alipofariki, nguo mligawana. Viatu mligawana. Saa mliigombania mpaka ikavunjika kioo. Nilinyamaza. Nilijua shimo hamtaligombania, nikasema basi, hilo ni langu. Tangu aondoke hajakaa mtu pale."

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza?"

Neno hilo lilimlenga Nesi, lakini lilipita likanichoma na mimi. Nilimuuliza aliyenipigia simu. Sikumuuliza anayekaa. Kazi ya wazi, ndiyo, lakini nilikuwa nimeifungua mbele ya macho yasiyohusika.

Mama akaliweka begi kando ya mlango. Hakulifungua.

"Dada yangu ana chumba," akasema. "Shimo likirudi, nitafungua begi. Lisiporudi, nitakuwa nakuja kuwasalimia kama wageni wengine. Na nitakaa kwenye kiti cha plastiki."

"Mama! Kiti cha plastiki?"

"Ndicho wanachokalia watu wasio na mahali."

Nesi akaanza kulia. Na huyu ni mtu anayeona damu kila siku ya kazi bila kupepesa jicho.

Nikatoka uani, nikampigia Meneja.

"Meneja, tumeharibu."

"Tulia, Bibi. Mshirikishe mteja."

"Nimemshirikisha mpaka amefiwa upya!"

"Basi washirikishe wote." Simu ikakatika. Meneja wangu ndivyo alivyo, ushauri mwingi, salio dogo.

Lakini neno lake nikalishika. Nikamwambia Nesi amwite kaka yake.

Kaka ni dereva wa lori, na mwili ameuchukua kwa gari lake. Mlangoni aliingia kwa ubavu. Alipoambiwa kilichotokea, kitu kimoja nilikiona, nikakiweka: dada mtu alilia kwa ajili ya shimo, kaka mtu aliulizia sponji.

"Sponji mmeitoa? Ile sponji yenyewe? Bibi, uliiangalia?"

"Niiangalie ina nini?"

"Hamna kitu," akasema, akajifuta jasho. Na dirisha lilikuwa wazi, upepo unapita.

Nikawakalisha wote watatu, mama kwenye kiti chake cha plastiki, nikawaeleza mbele yake.

"Shimo la zamani siwezi kulirudisha. Naweza kutengeneza lingine. Nachonga sponji kwa chini, napaka gundi, mtu anakaa mpaka gundi ikauke. Ila mjue, yeyote atakayekaa pale gundi ikiwa mbichi, umbo lake ndilo litakalobaki. Kwa hiyo niambieni. Marehemu alikuwa anakaaje?"

"Alilalia kushoto," Nesi akasema. "Kwenye redio."

"Kulia," Dereva akasema. "Kwenye dirisha. Alitaka kujua nani anapita na amevaa nini."

"Kushoto! Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chai."

"Chai ulikuwa unamwagia sahanini, utaona saa ngapi? Tena alikunja mguu mmoja chini yake."

"Baba gani huyo? Baba alinyoosha yote miwili. Kila siku nilijikwaa!"

Mama akageuza shingo polepole. "Huyo mwenye miguu mitatu simjui. Nyinyi mnamtafuta mwanamume gani?"

"Basi tujaribu," nikasema. "Dereva, wewe ndiye unayefanana naye mwili. Kaa."

Dereva akakaa. Kochi likapiga kelele.

"Inuka," mama akasema. "Baba yako hakukaa kama mzigo unaoshushwa."

Akakaa Nesi, mgongo umenyooka, mikono magotini.

"Inuka na wewe. Unakaa kama uko zamu, unangoja kengele ya mgonjwa."

Nikaona nitoe mfano mwenyewe. Nikakaa, nikalalia kidogo kushoto, kidogo kulia, nimridhishe kila mtu.

"Na wewe, fundi, naomba uinuke," mama akasema. "Huyo si mume wako."

Dereva akaguna kuzuia kicheko. Nesi akamkanyaga. Na mama, nawaambieni, pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, halafu akakumbuka begi lake, akanuna tena.

Nikasema hapa bila mfano wa kweli hatufiki. "Twendeni tukaangalie sponji ya zamani. Hata kama imechakaa, nitasoma umbo lake."

Nesi akashika mdomo. "Nimempa jirani."

Tukamwacha mama nyumbani, tukaenda sisi watatu. Jirani alitupokea vizuri mpaka tulipotaja shida yetu.

"Ile sponji? Ile sasa ina mwenyewe."

Akatuonyesha boksi chini ya sinki la uani. Ndani ya boksi, sponji. Juu ya sponji, ndani ya shimo, kuku. Ametulia kama malkia wa nchi.

"Alikuwa anataga ovyo huyu," jirani akasema, "leo kwenye ndoo, kesho kwenye kiatu cha mume wangu. Nilipompa hiyo, akazunguka, akaingia shimoni, basi. Mnadhani nitamtoa?"

Dereva akaninong'oneza, "Bibi, mama asijue kamwe."

Nesi akajaribu kuingiza mkono. Mchoma sindano akachomwa yeye. Akarudi ananyonya kidole.

Nikaona hapa ni kazi kama kazi nyingine. Huyu naye ni mteja. Nikatoa kipande cha sponji mpya mfukoni, nikakichonga shimo, nikakiweka kando yake bila kumsukuma. Kuku akakitazama kwa jicho moja. Akakitazama kwa jicho la pili. Akahamia, akakaa, akainuka, akageuka, akakaa tena, akafunga macho.

Katika hadithi hii yote sijapata mteja mwelewa kama yule. Alijua anachotaka, na aliyekaa ndiye aliyeulizwa.

Lakini furaha ilikuwa fupi. Jirani alikuwa ameikata ile sponji katikati ili ienee kwenye boksi. Kurudishwa haiwezi. Nikavichukua vipande vyote viwili, nikamshukuru, tukarudi. Nesi akakimbilia zamu yake. Mama alikuwa ndani amefunga mlango wa chumba. Mimi nikakaa uani, nikaviunganisha vile vipande mapajani mwangu, nikaanza kusoma.

Jambo la kwanza. Sponji ya miaka ya marehemu ingekuwa imeshageuka unga. Ukiiminya haikurudii, na pua inakuwasha. Hii niliiminya, ikarudi. Ilikuwa changa.

Jambo la pili. Lile shimo lilikuwa jembamba. Na halikuwa katikati, wala kushoto kwenye redio, wala kulia kwenye dirisha. Lilikuwa mbele kabisa, ukingoni, pale anapokaa mtu mfupi ili nyayo zake zifike sakafuni.

Dereva alikuwa amesimama karibu, anazungusha ufunguo wa lori vidoleni.

"Dereva, kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Mzee kaondoka zamani, shimo lake limezaliwa juzi."

Akatafuta pa kukaa. Akapata ndoo iliyofunikwa, akaikalia. Ndoo ikavumilia.

"Bibi, ni mimi," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua inaweza kutoka kwenye kifua kile. "Mwaka mama alipolazwa. Nilikuja kufagia nyumba arudi akute safi. Sponji ilikuwa inamwagika chini ya kochi kama mchanga. Nikanunua nyingine, nikaweka, nikarudishia kitambaa kilekile. Nilitaka kumfurahisha. Halafu alipotoka hospitali nikamsikia anamwambia shangazi kwenye simu, 'Mradi shimo lake lipo pale, mimi sijambo.' Ningesemaje?"

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Halafu, Bibi, shimo likarudi."

"Likarudi?"

"Lenyewe! Polepole. Kila nikija naona limezidi." Akatazama nyuma yake. "Nilidhani mzee amerudi. Tangu hapo nikiingia sebuleni nalisalimia lile kochi kwanza. Moyoni, si kwa mdomo."

Nikameza kicheko, maana mtoto wa watu alikuwa anatetemeka kweli.

"Mashimo hayarudi yenyewe, baba."

"Sasa nani?"

Hapo nikamnyima jibu. Nilikuwa nalo, lakini halikuwa langu kumpa. Badala yake nikajifanya mwalimu, na hilo ndilo kosa langu la wiki hii. Nikasema:

"Kamwambie mama yako. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Kazi yangu ni ya wazi. Kochi likifungwa na uongo ndani yake, litalia kila mtu akikaa."

Maneno mazuri, eti? Nilijisikia vizuri kuyasema. Dereva akaitikia kwa kichwa, akasema ana mzigo wa kupeleka, akirudi atasema. Akaondoka.

Kesho yake nikafika asubuhi, wakati watoto wote wako kazini. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, begi kando ya mguu wake kama mbwa mtiifu. Nikalifungua kochi mbele yake, hatua kwa hatua, nikimuonyesha: mikanda hii, gunia hili, usumba huu wa nazi, sponji mpya hii hapa.

"Kitendawili," nikasema.

Akapangusa begi lake kwa ncha ya kanga.

"Nimesema kitendawili, mdogo wangu."

"Tega basi, usije ukapasuka."

"Ana mikono miwili hajawahi kumpiga mtu, ana miguu minne hajawahi kutoka nyumbani, ana mgongo hajawahi kubeba mtoto."

"Kochi. Hata wa chekechea anajua."

"Haya, la pili. Watoto wakifunga mlango kwenda kazini, kiti kisichokaliwa kinapata joto."

Akaniangalia. Nami nikaendelea kukwaruza gundi ya zamani kwenye mbao, kama sina haraka ya jibu.

"Hilo silijui," akasema.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Mji niutoe wapi? Mimi mwenyewe niko na begi mlangoni."

"Basi nipe ukweli, nitafika nao."

Akashusha pumzi. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Umeipima ile sponji."

"Imejipima yenyewe. Mume wako kama alikuwa na nyonga ya kiasi kile, basi uliolewa na mvulana."

"Mshenzi wewe!" Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha kicheko kikamwishia, akabaki anaifuta pembe ya jicho.

"Dada, unafikiri sikujua?" akasema. "Nilirudi kutoka hospitali, wakanilaza chumbani, wakaenda zao. Nikajikokota mpaka hapa. Nikaweka mkono. Nikakuta pamejaa. Pametuna, kama pa dukani."

"Ulifanya nini?"

"Nilisema, huyu mtu hawezi kunifia mara mbili. Nikakaa. Kila siku, wakifunga mlango, nakaa. Lakini ugonjwa ulikuwa umenimaliza, sina uzito, sponji hainisikii. Nikachukua mfuko wa mchele, nikaupakata. Nikakaa nao mapajani kama mtoto, mpaka mchana. Mchele tunaula, unapungua, nanunua mwingine. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka shimo likaja."

"Na ukawaambia hajakaa mtu."

"Ningewaambia nini? Mwanangu yule alidhani ananitendea wema. Mtu akikuumiza kwa wema, utamshtaki wapi? Akijua kwamba nilijua, hatakanyaga hapa tena kwa aibu. Namjua. Mwili wa lori, moyo wa yai." Akaniinulia kidole. "Umenisikia? Asijue. Nikiona amejua, hata shimo silitaki tena. Nakwenda zangu kwa dada."

Wajukuu zangu, niliiweka nyundo chini.

Jana yake tu nilikuwa nimemtuma huyo huyo mwenye moyo wa yai aje aseme. Na nilimtuma kwa methali niliyoitunga mwenyewe!

Nikafungua mdomo nimwambie mama. Ilikuwa haki yake. Kazi ya wazi, mteja anashirikishwa kila hatua. Nikamtazama anavyojiandaa, anavua kandambili, anakunja kanga vizuri kiunoni, uso umelegea kama wa msichana anayekwenda kupigwa picha.

Ikanishinda. Nikachota misumari, nikajaza mdomo.

Nikachonga sponji. Nikampigia mstari wa chaki alipokaa, nikapunguza chini, nikapanga, akajaribu, akasema bado, nikapunguza tena. Hapo ndipo nilipojua maana ya mteja. Alifumba macho akawa ananielekeza kwa mkono, huku, kidogo, hapana, rudisha, hapo hapo, hapo. Nikapaka gundi. Nikalaza pamba.

"Sasa kaa, usiondoke mpaka ikauke," nikasema, ila kwa misumari ilitoka "hahi haa." Alielewa.

"Mchele umeisha," akasema. Akavuta lile begi lake, akalipakata mapajani. "Leo nina hili."

Akakaa. Nyayo zake zikagusa sakafu sawasawa. Akatazama dirishani, halafu upande wa redio, halafu mbele. Akaanza kuongea kwa sauti ya chini. Hakuwa anaongea na mimi. Nikajisogeza nyuma ya kochi, nikajifanya napigilia gunia.

Hata mlio wa lori sikuusikia. Nilisikia geti.

Mama aliruka kama binti aliyefumwa. Begi likaanguka chini. Kufumba na kufumbua alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amekunja mikono, amenuna kwa ustadi.

Mlango ukafunguliwa. Dereva. Kofia mkononi, ameipinda kama anakamua nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mchana huu? Mzigo umekuishia njiani?"

"Sijaupeleka." Akaigeuza kofia. "Nimefika njia panda nikageuza. Mama, nina neno. Ni la muda mrefu. Bibi ameniambia nije niseme mwenyewe."

Mama akageuka. Taratibu, kama mlango mzito.

"Nani amekwambia?"

"Bibi Misumari. Amesema kochi likifungwa na uongo, linalia."

Sitaki kuwaeleza jinsi mama alivyonitazama. Nilitamani niwe mmoja wa misumari ile. Nilitaka kusema, mdogo wangu, nilisema kabla sijajua. Nilitaka kusema, baba, nyamaza, kila kitu kinajulikana. Lakini ningeanza na lipi, na mdomo umejaa chuma? Nikatikisa kichwa kumkataza. Dereva akadhani namtia moyo.

"Mama, ile sponji..."

"Ngoja," mama akasema.

Akamtazama mwanawe. Jasho kwenye paji la uso, kofia imekwisha kukamuliwa, mwanamume mzima anayeshika usukani wa magurudumu yale yote. Kisha akalitazama kochi. Mimi nililitazama pia. Shimo lake lilikuwa pale, dogo, ukingoni, sahihi kabisa. Pembeni mwa pamba gundi ilikuwa bado inameremeta.

Mbichi.

"Mama, niseme tu, kabla sijashindwa..."

"Utasema. Kwanza kaa."

Akatazama huku na huku. Kiti cha plastiki anacho mama. Makochi mengine nilikuwa nimeyarundika ukutani, miguu juu.

"Nikae wapi?"

"Pale."

"Pale pa baba?"

"Hujanisikia? Umesimama mno, mwanangu. Miaka yote hiyo umesimama. Kaa."

Dereva akanigeukia mimi, fundi, anisaidie. Nikainua mikono yote miwili kumzuia, misumari ikanidondoka kidevuni, na mama, bila kunitazama, akaninyooshea kiganja nitulie.

Kisha akainama, akaliokota begi lake sakafuni.

Na Dereva akaanza kukunja magoti.